Cheti kimeandikwa maumbo ya chembe za damu si ya kawaida. Mwanangu ana selimundu au hana?

Baba Shaibu (Tandahimba)

Wakuu habari za usiku. Mnivumilie, naandika kwa simu na mtandao huku kwetu unakuja unaondoka.

Nina kijana wangu wa miaka minne na nusu. Tangu Ramadhani hana raha. Wenzake wakicheza mpira wa makaratasi yeye anakaa kizingitini anawaangalia. Tukitoka naye bombani, kile kilima kidogo tu, anasimama mara mbili kuhema. Viganja vimepauka kama vya mtu aliyetoka kukanda unga. Na kuna jambo limetushinda: anakula udongo. Si ule wa kununua sokoni, anachimba ukuta wa jiko la bibi yake, pametokea tundu la kupitisha mkono.

Tukampeleka kituo kimoja cha binafsi. Wakatoa damu, tukangoja, tukapewa karatasi. Damu 7.6. Aliyetupa majibu hakuinua hata uso, akasema "damu ya mtoto ina maumbo mabaya, tafuteni hospitali kubwa", akaita jina la mwingine. Nilitaka kuuliza, foleni ikanisukuma. Na hela nimeshalipa.

Naandika nilivyoweza kusoma: MCV 61, RDW 21.8. Chini kwa kalamu: maikrositiki, haipokromiki, anisopoikilositosi ++, seli za penseli, seli shabaha chache.

Jirani yetu aliwahi kufanya usafi hospitali. Kuiona tu karatasi akasema hiyo selimundu. Toka siku hiyo nyumba haina amani. Kwetu sijasikia mtoto aliyeumwa hivyo. Kwa mke wangu, Newala, walizika watoto wawili wadogo zamani, na dada zangu wameshaanza maneno ya "ukoo wao". Mie sikuwakataza, nisiseme uongo.

Swali langu: hayo maumbo ndiyo selimundu? Kama siyo, ni nini?

---

Mpuliza Salfa

Mkuu usimalize hela. Choya, matembele, nyanya, saga, changanya na malta, asubuhi na jioni. Wiki mbili damu iko juu. Isipopanda jua pana mkono wa mtu.

---

Mzee wa Darubini (Masasi)

Baba Shaibu, pole na mtoto. Nimekaa maabara miaka 31, nimestaafu, siku hizi nami napuliza mikorosho kama mwenzangu hapo juu, ila mikono ya watu sijawahi kuiona kwenye slaidi.

Nianze na jirani yako. Kakurupuka. Hilo neno refu, anisopoikilositosi, ni mawili yamebanwa: chembe zimepishana ukubwa, na zimepishana maumbo. Basi. Ni kama fundi akwambie pikipiki yako ina mlio. Mlio gani, unatokea wapi, bado hajasema. Zile jumlisha mbili ni makadirio ya jicho la aliyekuwa kwenye darubini, kwamba zilizopotoka si za kutafuta. Na ni jicho kweli, maana mashine ya kawaida inahesabu chembe na kupima ukubwa wake. Kukwambia hii imechongoka, hii imepinda, lazima mtu apake tone kwenye kioo, alivute liwe utando mwembamba wenye mkia kama ulimi, likauke, alitie rangi, aweke mafuta na kuinama.

Chembe nyekundu nzima ni kama kitumbua ulichokibonyeza kwa dole gumba juu na chini: nene pembeni, nyembamba katikati. Upana wake mikromita 7 hadi 8, kwenye milimita moja ya rula unapanga zaidi ya 120. Pale katikati panaonekana peupe, theluthi moja hivi ya upana wote. Umbo hilo lina kazi. Mishipa midogo kabisa ni myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo inajikunja ipite, ijikunjue upande wa pili, hivyo hivyo kwa siku kama 120 mpaka ichoke. Ikitengenezwa ubohoni bila malighafi ya kutosha, au ikiwa na hitilafu ya kuzaliwa, au ikigongwa njiani, utaiona kwa sura.

Turudi kwenye karatasi. Maikrositiki maana yake chembe ndogo, na hiyo MCV 61 ni jambo hilo hilo kwa tarakimu. Mtoto wa umri huo tunategemea 75 kwenda juu. Haipokromiki ni zimepauka: ule weupe wa katikati umetanuka, wekundu umebaki pete tu. Penseli ni chembe zilizorefuka nyembamba, ncha imesinyaa. Haya matatu yakikaa pamoja, na RDW, kipimo cha chembe kupishana ukubwa, imepanda vile, mie nawaza upungufu wa madini ya chuma kabla ya kitu kingine chochote. Seli shabaha ni zile zenye doa katikati kama ubao wa kulengea. Chache huonekana hata kwenye upungufu wa chuma, lakini ziko pia kwenye selimundu, kwenye thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi), na kwa mtu mwenye ini bovu. Hizo ndizo zinazonizuia kukwambia ulale usingizi.

Halafu udongo! Umeuandika kama aibu, kumbe umenisemesha kuliko cheti. Mtoto aliyepungukiwa chuma hutamani udongo, mkaa, mchele mbichi. Huyo anaeleza ugonjwa wake kwa kutoboa ukuta wa bibi.

Chuma kinakwenda wapi? Kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni safura. Mabuu yanapenya ngozi ya mguu peku, minyoo ikifika utumbo mwembamba inang'ata ukuta na kunyonya, usiku na mchana. Angalia pia mkojo wake, kama mwishoni una wekundu basi kichocho nacho kinamwaga damu. Na chakula: ugali wa muhogo na chai ya rangi asubuhi na jioni, chuma kidogo kilichomo chai inakizuia kufyonzwa. Mpuliza Salfa, matembele sina ugomvi nayo, lakini ndoo ikivuja huanzi na maji.

Selimundu sasa. Mundu ni jina la vitabuni. Vijana niliowafundisha nilikuwa nawaambia: tafuta korosho iliyochongolewa ncha zote mbili. Aliyeziandika kwanza kwenye jarida la madaktari ni James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, kutoka kwa kijana wa Grenada aliyekwenda huko kusomea meno. Chembe hiyo ikinyimwa oksijeni, hemoglobini yake, ule wekundu unaobeba oksijeni, inashikana kuwa vijiti, vijiti vinaisukuma chembe nzima iwe ngumu na kupinda. Haijikunji tena. Inaziba mishipa, na inaishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120, ndiyo maana damu yao haijai. Kwenye karatasi yako haijatajwa. Lakini kutotajwa hakutoshi kuifuta, na mtu anaweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo: choo kipimwe, mkojo upimwe, na uombe kipimo cha selimundu kwa jina. Akianza kupumua haraka, kulegea au homa, usingoje jibu langu wala la mtu, mpakie.

Jambo moja la ufundi. Uliza kioo kilipakwa muda gani baada ya damu kutoka. Nilishawahi kuletewa damu kutoka zahanati ya mbali, imekaa kwenye boksi nyuma ya bodaboda tangu asubuhi. Jioni naangalia, chembe zote zina miiba kama shoki shoki. Miiba hiyo unaiona kwa mgonjwa wa figo. Nikataka kuandika. Nikaomba damu nyingine ya mtu yule yule, nikaipaka papo hapo: nzima kabisa. Miiba ilikuwa ya safari. Na masika, hewa ikiwa na unyevu, kioo kinakauka polepole kinakuwa na vitobo vitobo vya ajabu. Karatasi haikuambii hayo.

---

Mama Swaumu (Lindi)

Kaka Baba Shaibu, mimi ninaye wa selimundu yenyewe, binti, sasa miaka 11, yuko darasa la tano. Nakuandikia uone tofauti, sikutishi.

Wangu hakuanza kwa kuchoka. Alianza na miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vikavimba vikang'aa kama vimepakwa mafuta. Mama mkwe akasema ameteguka, tukamkanda na maji moto. Ikaisha, ikarudi. Macho yakawa ya njano. Alipofika miaka mitatu siku moja tumbo lilijaa upande wa kushoto ghafla, mtoto mweupe kama karatasi, kumbe bandama imefyonza damu yote. Aliongezewa usiku ule. Nesi mmoja mtu mzima, Mungu amlipe, alinishika mkono akauweka chini ya mbavu za kushoto za mwanangu: "Hapa. Kila akiwa na homa, bonyeza hapa kwanza." Nabonyeza mpaka leo.

Anameza foliki asidi, alimeza penisilini mpaka miaka mitano, na haidroksiyurea kila siku. Hiyo ya mwisho inaufanya mwili utoe hemoglobini ya kitoto, ile ya tumboni, ambayo haipindi, na maumivu yamepungua mno. Mwezi wa saba upepo wa kusi ukivuma anavaa soksi mpaka kitandani, na shuleni ana chupa yake ya maji. Mwalimu ameshazoea kumruhusu chooni.

La ukoo nakuomba liache. Selimundu mtoto anaipata kwa wawili, baba na mama kila mmoja akitoa nusu. Kwetu kila mtu alinyooshea kidole upande wa pili, kumbe tulikuwa nayo wote, mimi AS, mwenzangu AS, yaani kila mmoja anabeba nusu bila kuugua. Kila mimba, robo kuwa mgonjwa. Mwenzangu aliondoka kabla sijamaliza kumweleza hesabu.

---

Nesi mwanafunzi, Nachingwea

Shikamoo mzee. Naomba nidandie uzi. Bibi yangu miaka 66, cheti kimeandika chembe kama machozi, na bandama kubwa. Hii nayo ni chuma? Na kuna umbo ambalo ukiliona hungoji?

---

Mzee wa Darubini (Masasi)

Marahaba. Machozi mengi pamoja na bandama kubwa kwa mtu wa umri huo, hapana, usimpe vidonge vya chuma ukanyamaza. Uboho ukiota makovu chembe zinatoka kwa kubanwa, zinavutika mkia. Yako mengine yanayofanya hivyo, lakini huyo apelekwe kwa daktari wa damu. Ukisoma cheti kingine kikasema chembe kubwa za mviringo wa yai, hapo fikiria foliki asidi au vitamini B12. Za duara kabisa bila weupe katikati, hizo huenda ni za kuzaliwa nazo, au kinga ya mwili inazitafuna.

La kutongoja: vipande. Chembe zilizokatwa, nyingine kama kofia ya askari, nyingine pembe tatu. Usiku mmoja niliziona kwa mama mjamzito mwenye presha, chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zimeshuka. Chembe zinakatwa hivyo zikipita kwenye mishipa iliyojaa nyuzi za damu iliyoganda. Sikuandika majibu, nilikwenda wodini na koti limefunguka, nimeshika kioo mkononi kama kitumbua cha moto. Walimzalisha usiku huo huo. Alipona, mtoto alikuwa mdogo sana lakini alilia.

---

Baba Shaibu (Tandahimba)

Shikamoo mzee. Mama Swaumu, ahsante dada yangu, yale maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara nyingi.

Nilikawia kwa sababu ya hela, nikauza mbaazi kwanza. Tumekwenda hospitali nyingine. Choo: mayai ya safura, wameandika mengi. Mkojo safi. Kioo wamepaka upya, penseli zimo vile vile. Halafu kipimo cha siklingi, wakasema CHANYA.

Mzee, nilikaa chini pale pale koridoni. Mke wangu alikuwa ameshika mtoto, hakuniangalia. Daktari akasema tusiondoke na neno hilo, kuna kipimo cha pili kinachotenganisha hemoglobini, sampuli itasafirishwa. Siku 12. Majibu haya hapa: Hb A 68, Hb S 29. Wameandika AS. Dawa ya minyoo amemeza, ya chuma ameanza. Nieleze kwa kiswahili cha nyumbani.

---

Mzee wa Darubini (Masasi)

Siklingi ni kuchukua tone la damu, kulinyima oksijeni kwa kemikali, na kungoja. Yeyote mwenye hemoglobini S, hiyo ya selimundu, chembe zake zitapinda, awe mgonjwa wa SS au mbebaji wa AS. Kipimo hicho kinajibu "S ipo?", hakijibu "ni mgonjwa?" Watu wengi wameachana kwa kutojua hilo. Na mtoto akiwa wa chini ya miezi sita, au ameongezewa damu karibuni, kinaweza kusema hamna wakati ipo.

Kijana wako ni mbebaji. Hemoglobini nzima, hiyo A, asilimia 68, ni nyingi kuliko S, ndiyo maana damuni mwake chembe hazijipindi zenyewe na hakuna aliyeiona ile korosho kwenye kioo. Hata hiyo 29 iko chini kidogo, kwa mbebaji nimezoea kuona 35 hadi 40. Upungufu wa chuma huishusha. Ubebaji haujamletea hiyo 7.6. Iliyoleta ni safura. Yaani ulikuwa na mambo mawili kwenye karatasi, jirani yako akabahatisha moja kwa sababu isiyo yake.

Kubeba AS kuna faida yake pia, maana ukanda wetu ni wa malaria. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa huku Afrika Mashariki, kwamba wabebaji malaria haiwashiki kwa ukali ule. Ndiyo maana S imebaki nyingi kwetu. Chandarua alalie vile vile.

Dawa ya chuma: kwa kipimo alichopewa kulingana na uzito, isipewe pamoja na chai, kipande cha chungwa au juisi ya ukwaju ni nzuri. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Chupa iwe juu kabisa, chuma kingi kwa mpigo ni sumu kwa mtoto. Viatu. Na wewe na mama yake mpimwe, mjue S imetoka wapi kabla ya mtoto mwingine.

---

Baba Shaibu (Tandahimba)

Wakuu narudi, wiki ya tano sasa.

Damu imefika 10.1. Juzi alikimbia na tairi mpaka kwa muuza mihogo na kurudi, akaanguka, akainuka mwenyewe. Bibi yake aliziba lile tundu la ukuta kwa udongo mpya, bado laini una alama za vidole vyake, na halijaguswa.

Tumepimwa. Mke wangu AA, hana S kabisa. Mimi AS.

Nimekwenda kwa dada zangu na karatasi zote mbili, nikaziweka mkekani. Hakuna aliyesema kitu, mmoja akainuka kwenda kuangalia maharage jikoni ambayo hayakuwa motoni. Kwa mke wangu nimesema nililopaswa kusema, hilo silileti hapa.

Maswali mawili. Dawa naacha lini? Na mdogo wangu anaoa baada ya mnada wa korosho, binti wa Mahuta. Inamhusu?

---

Mzee wa Darubini (Masasi)

Dawa usiache kwa sababu anakimbia. Damu ikifika 11 na kupita, endelea kama miezi mitatu ghala la chuma lijae, halafu pima FBP, picha kamili ya damu, tena na uombe kioo kipakwe. Mimi ningependa kusikia penseli zimekwisha. Minyoo arudie kumeza kama watakavyokwambia kliniki, na choo cha nyumbani kifunikwe.

Ninyi wawili mkiwa AA na AS, hamwezi kuzaa SS. Mdogo wako, kama mnachangia baba na mama, ana nusu kwa nusu ya kuwa kama wewe, pengine na zaidi. Apime yeye kwanza. Akiwa AA hakuna la kumwambia binti. Akiwa AS, binti naye apime, kabla ya mahari.

---

Baba Shaibu (Tandahimba)

Nimempigia sasa hivi. Mahari hajaogopa, malaria hajaogopa, anaogopa sindano. Jumatatu namfuata mwenyewe na pikipiki.

---

Mama Swaumu (Lindi)

Mfunge kamba kaka 😂 Na umwambie wanatoa kidogo tu.